Mganga Asiyetaja Majina

Ukifika Mnyambe ukauliza nyumba ya mganga, watu watakuuliza kwanza unataka mganga wa namna gani. Kama unataka kinga ya shamba, dawa ya kuvuta wateja, au mume aliyehamia kwa jirani arudi nyumbani, watakuelekeza barabara ya Tandahimba kwa Mzee Bwanali, mwenye bango na namba za simu. Kama unaumwa, au moyo wako ndio mgonjwa, watakwambia nenda kwa Mama Huruma. Huyo Mama Huruma ni wifi yangu Getrude, dada wa mume wangu. Nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo habari zake nisikilizeni mimi, msimsikilize mwingine.

Mimi ni Isabela, wananiita Mama Witness. Nimezaliwa Newala mjini, ambako ndoo ya maji inapokelewa kwa heshima kuliko mgeni. Mdomo ninao, sikatai. Wifi yangu hana. Tukigombana, mimi naongea peke yangu kama redio, yeye anachambua mchicha. Inaniudhi, tena sana! Lakini ukitoa wanangu, sijui kama kuna mtu ninayempenda zaidi yake hapa duniani. Mume wangu akisikia hili asinune, ndivyo lilivyo.

Hawa ni watu wa Masasi. Babu yao alikuwa mwalimu wa kanisa, Mwanglikana wa kizazi cha kanzu nyeupe na kengele ya asubuhi, na Getrude alikulia kwenye kwaya. Lakini mama yao alikuwa wa hapa Mnyambe, na kwetu huku ardhi inafuata upande wa mama. Kila likizo watoto walipelekwa kwa bibi yao, na bibi huyo alikuwa mganga. Huyo ndiye aliyemshika Getrude mkono akampeleka porini, akamwonyesha mizizi, akamfundisha na namna ya kuwaomba mahoka, yaani wazee waliotangulia. Alipofiwa na mumewe, Getrude alirudi kwenye ardhi ya mjomba wake, akajenga, akaanza kutibu. Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani. Jumatatu anamimina mbepesi.

Mbepesi ni unga wa mtama. Unachekechwa ukiwa mkavu, unamiminwa chini kidogokidogo mpaka ufanye kichuguu chenye ncha, nawe unasema haja yako mbele ya wazee. Getrude hamgusi mgonjwa kabla ya hapo. Kwake dawa ni ya pili, sala ndiyo ya kwanza.

Kuna padri mmoja alikuja kumsema. Mimi nilikuwepo, nilijitia kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Padri akamuuliza kwa nini anaomba wafu. Getrude akamwambia, "Baba, namwomba Mungu. Hawa wazee nawaambia waniombee. Nanyi wenu mmewachora ukutani kanisani." Padri akacheka mpaka akavua miwani. Alikunywa chai, akaondoka, na tangu siku hiyo akipita anasalimia kwa mbali.

Kazi ya Getrude ina masharti. Mtu akija, swali la kwanza ni kama ameshakwenda zahanati. Hajakwenda, arudi, aende kwanza. Sharti la pili ndilo lililompa jina na kumkosesha wateja: hataji mtu. Unajua wagonjwa wetu walivyo. Mtu tumbo linamuuma, hataki kujua limeliwa nini, anataka kujua nani kamroga. Akimuuliza Getrude, atapewa dawa ya tumbo na kikombe cha uji, basi. Wengine wanasusa. Wanainuka hapo na tumbo lao wanakwenda kwa Mzee Bwanali.

Sasa huyo Bwanali msimdhanie mbaya. Ni Mwislamu safi, mcheshi, mkarimu, na dawa zake nyingi ni za kweli. Ila yeye uganga kwake ni ufundi. Anasema hivyo mwenyewe: "Mimi na fundi baiskeli tofauti yetu ni spana tu." Dawa haihitaji imani wala sala, inahitaji ichanganywe sawasawa. Mteja aking'ang'ania jina la mchawi, Bwanali anatazama kwenye beseni la maji, anakohoa, anamwambia ni mtu mrefu wa upande wa Ruvuma, asiyejulikana. Mteja anarudi kwake ameridhika, na hakuna jirani aliyeumizwa. Nilipomuuliza kama haoni haya, aliniambia, "Mama Witness, ameondoka anacheka au analia?" Nikaondoka nacheka mimi mwenyewe.

Hao wawili walikuwa wakibishana kila wakikutana. "Mama Huruma, uganga wako ni kanisa la pili." "Na wako ni duka, Mzee Bwanali." Halafu wanagawana majani. Mgonjwa wa mifupa Getrude anampeleka kwa Bwanali, na mwanamke aliyeharibikiwa na mimba Bwanali anamleta kwa Getrude. Heshima ilikuwepo, ubishi haukuisha.

Siku moja chama chao cha waganga kilikutana Newala, nami nikaenda kumsindikiza wifi na kusalimia kwetu. Hapo alikuwepo kijana anaitwa Optatus, mganga wa siku hizi, dawa kwenye chupa zenye lebo na wateja kwenye simu. Akatusomea habari za Wazungu wenye uganga wao, wanauita Wika. Eti wengine wao wanasema ni dini, wana sala zao na sikukuu zao za mwezi na majira. Wengine wanasema dini ya nini, hizi ni mbinu tu, unafanya kwa sababu zinafanya kazi. Na wanagombana mitandaoni usiku na mchana juu ya hilo, na juu ya kama inaruhusiwa kumlaani mtu.

Bwanali akapiga paja. "Hao wa mbinu ndio ndugu zangu! Nitafutie namba zao." Watu wakacheka. Getrude akauliza tu, "Na wakikosea, hao ndugu zako, wanamwomba nani msamaha?" Optatus akasema hilo halikuandikwa. Halafu akaongeza kuwa wengi wao wanajiita wachawi wenyewe, kwa kupenda, wanavaa na vidani vya kuwatambulisha. Loo! Wachawi, kwa kupenda, na vidani juu! Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama nyumba zao zimeezekwa nyasi, kwa sababu huku ukijiita hivyo nyasi zinawaka. Tulicheka tena, lakini siyo kwa raha. Na mwaka huohuo jambo lenyewe likatukuta.

Ulikuwa mwaka mbaya wa korosho. Ubwiri, ule ukungu wa maua, uliingia mapema, salfa ya kupulizia ikachelewa kufika, maua yakawa meusi kama yamechomwa. Mashamba yalikuwa kimya, watu wanatazama juu na kurudi nyumbani. Isipokuwa shamba moja. Mikorosho ya Bibi Anjelina ilizaa. Bibi Anjelina ni mjane mzee, watoto wake wamezikwa wote, anaishi na mbuzi na ukali wake. Mikorosho yake ni ya zamani, inachelewa kuchanua, nadhani ugonjwa ulipita kabla haijafungua maua. Lakini nani alitaka maelezo? Watu walitaka mtu. Ikasemwa analimiwa na misukule. Baadaye kijana wa bodaboda akafa kwenye kona ya kuingia kijijini, na ikasemwa huyo naye ameshapelekwa shambani kwa Anjelina kufanya kazi. Nilisikia hayo kisimani kwa watu ninaowaheshimu, wenye akili zao.

Kikaitishwa kikao. Vijana wakataka lambalamba waletwe. Kama huwajui, shukuru Mungu. Ni waganga wa kutoa uchawi, wanakuja na ngoma, wanafukua uwanjani kwako pembe walizokuja nazo wenyewe mfukoni, wanawanyoa wazee vichwa hadharani. Wakimaliza, yule aliyenyolewa hana tena kijiji. Bwanali akasimama kuwapinga, maana hata yeye hao anawachukia, anasema wanaharibu kazi. Akazomewa.

Mwenyekiti wetu Abrahamu si mtu mbaya, ila ni mtu wa kuogopa kelele. Akatafuta njia ya katikati. Akasema tusilete wageni, tunaye mganga wetu asiyeongopa. Mama Huruma amimine mbepesi mlangoni kwa Bibi Anjelina, tulale, asubuhi tutazame kama umesimama au umeanguka. Kikao kikapiga makofi. Wote wakamgeukia wifi yangu.

Nilitegemea akatae. Nilishajiandaa kumsaidia kukataa, kanga nimeshaifunga kiunoni. Getrude akasema, "Nitamimina. Lakini kwa taratibu za wazee, na wote mje kushuhudia." Nikaifungua kanga. Mtu ambaye maisha yake yote hajataja jina, leo anakwenda kuliacha jina mlangoni!

Jioni hiyo jua lilikuwa bado juu kidogo Bwanali alipokuja nyumbani kwa Getrude, na chupa ya maji ndani ya kanzu. Tulikuwa watatu tu. Akanong'ona kama yuko msikitini: "Mama Huruma, leo tuache mabishano. Chovya vidole tu. Unga wenye unyevu unashikana, asubuhi utasimama wima, watu watasema ni msafi, na bibi wa watu atabaki kwake. Hakuna atakayejua."

"Sikia hayo, wifi!" nikasema. "Sikia maneno ya mtu mwenye akili!"

Getrude akaendelea kuchekecha unga. "Utakuwa umesimamishwa na maji, si na wazee," akasema. "Nikiwadanganya waliokufa, kesho nitamwomba nani? Na leo wewe utaulowesha usimame. Mwakani mwingine atautikisa uanguke."

"Mwakani! Bibi atakuwa wapi hiyo mwakani?" Nilipandisha sauti, nakwambia. Nilimwambia sala zake na mahoka wake vinakwenda kumtoa mzee nyumbani kwake, na yeye atakaa hapa na mikono yake misafi. Nilimwambia afadhali duka la Bwanali kuliko kanisa lake. Bwanali mwenyewe akanishika bega ninyamaze. Getrude alimaliza kuchekecha. Alifunika unga kwa kitambaa, akanipa nibebe, nami nikabeba nikiwa nalia kwa hasira.

Mlangoni kwa Bibi Anjelina walijaa watu. Bibi mwenyewe alisimama kizingitini, hakulia wala hakuomba, aliwatazama tu vijana aliowasaidia kuzaliwa. Getrude alipiga magoti mbele yake, akamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Fanya walichokutuma," akajibu.

Getrude akamgeukia Mwenyekiti. "Mbepesi haimiminwi kimya. Lazima ombi litamkwe. Kijiji kinaomba nini?"

Abrahamu akajikuna shingo. "Si unajua, Mama Huruma."

"Mimi najua. Wazee waambieni nyinyi."

Akatazama huku na huku, hakuona pa kujificha. "Tunaomba," akasema, "Bibi Anjelina aondoke Mnyambe, ili kijiji kipate amani."

"Ndilo ombi lenu wote?"

"Ndilo!" Walipiga kelele hata kuku wakakimbia. Getrude akarudia ombi lile neno kwa neno, akiwaita wazee wa Mnyambe kwa majina, wa upande wa mama zetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine pale wakainamisha vichwa waliposikia bibi zao wakitajwa. Akamimina. Unga mkavu, kichuguu chenye ncha. Akaufunika kwa ungo. Vijana wakaweka walinzi wao wenyewe, ili mimi hasa nisikaribie. Walinijua.

Asubuhi tulikuwa pale wote, hata wagonjwa. Abrahamu akainua ungo. Unga ulikuwa umeanguka. Ncha haikuwepo, upande mmoja umeporomoka mpaka kwenye kizingiti.

Sitasahau sauti ile. "Mchawi! Mchawi!" Vijana wawili walikuwa wameshaingia ndani, wanatoa mkeka na sufuria za bibi. Mbuzi analia. Mimi nilijisukuma mbele, nikasimama mlangoni na mikono nimeitanua, sijui nilifikiri nitamzuia nani na mwili huu. Ndipo Getrude akasema, na hakupandisha sauti, watu ndio walioshusha zao ili wasikie.

"Mwenyekiti. Jana mliomba nini?"

"Tuliomba..." Abrahamu akaanza, akakatika.

"Maliza."

"Tuliomba Bibi Anjelina aondoke."

"Na unga ukianguka, hapa kwetu, maana yake nini? Mwanao alipokwenda jandoni alimiminiwa unga. Ungeanguka, angekwenda?"

Nikamwona Abrahamu anaelewa. Ilimpanda usoni taratibu. Wote pale tumelelewa na mbepesi. Safari, harusi, jando, kilimo, unaomba, unamimina, ukisimama wamekubali, ukianguka wamekataa, na mtoto mdogo anajua. Tangu lini unga ukasema huyu mwovu na huyu mwema? Hasira ndizo zilizotugeuzia mila yetu mikononi mwetu, tukaifanya mahakama, na hakuna aliyeshtuka, hata mimi mwenye mdomo.

Abrahamu akakaa chini, pale pale mavumbini na suruali yake ya kikao. "Angebaki nyumbani," akasema. Kisha akajikaza, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Wazee wamekataa. Bibi haondoki."

Mmoja wa vijana alibisha kidogo, lakini mama yake alimpokonya sufuria mkononi, akairudisha ndani mwenyewe. Wakatawanyika bila kuagana. Bibi Anjelina akaokota ungo, akaupangusa, akauliza ni nani atakayefagia unga huu mlangoni kwake. Nikafagia mimi.

Bwanali tulimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu, chupa yake ya maji iko miguuni. Uso umemsawajika. "Mama Huruma," akasema, "ningeulowesha ule unga, ungesimama, na bibi angeondoka." Getrude akaketi karibu naye. Alimwambia, "Ulitaka kumponya. Wazee waliliona hilo pia." Tangu siku ile Bwanali bado ana bango lake na beseni lake, na bado anamwambia Getrude uganga ni ufundi, lakini mtu wa upande wa Ruvuma hamtaji tena. Mteja aking'ang'ania, anamwambia aende zahanati.

Lambalamba hawakuja. Kuna watu mpaka leo wanamkwepa Bibi Anjelina njiani, sitadanganya kuwa mambo yalikwisha. Lakini analala kwake.

Mimi nilibaki na kitu kinanikereketa. Siku chache baadaye tulikaa jikoni kwake tunamenya muhogo, nikamwambia, "Wifi, ule unga ulikuwa mkavu. Ungeweza kusimama."

"Ungeweza."

"Ungesimama, ungefanyaje? Ungeusingizia kitu?"

"La. Ningesema wazee wamekubali. Bibi aondoke."

"Getrude! Mzee yule? Aende wapi, na miguu ile?"

"Masasi. Kwenye nyumba ya baba. Kaka nilimwomba ufunguo siku ya kikao." Kumbe mume wangu alijua! Amelala kitanda kimoja nami, amenyamaza kama dada yake. "Mbuzi wake angebaki na wewe," akaongeza, "maana njiani angetusumbua."

"Angewasumbua nani?"

"Mimi na bibi."

Nikamtazama. Nyumba aliyojijengea mwenyewe, ardhi ya mjomba wake, kaburi la bibi yake, wagonjwa wake, kwaya yake. "Na watu wangesema nawe ni mchawi mwenzake," nikamwambia.

"Wangesema." Akachukua muhogo mwingine. "Kijiji kiliomba aondoke, wifi. Hakuna aliyeomba aondoke peke yake."

Niliacha kisu nikalia palepale mbele yake, kwa sauti, bila haya, naye akasogeza sinia la muhogo wangu upande wake, akaendelea kumenya wangu na wake.